Mdudu Kwenye Jani la Juu

Mara ya mwisho niliwaacha pale mlangoni mwa kiwanda asubuhi, nimechelewa kidogo, na msimamizi wetu ameshika biri moja kati ya vidole viwili. Anaitazama upande huu, anaigeuza, anaitazama upande wa pili.

Kwa wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nikupe mkasa kwa ufupi. Mimi ni msokota biri, zile sigara nene za jani tupu, zisizo na karatasi, zinazosokotwa kwa mkono. Mume wangu ni fundi rangi. Alianguka kwenye ngazi akavunjika mguu, mzigo wa nyumba ukaniangukia mimi, na mikono yangu nayo ikachagua wakati huo huo kuanza kutetemeka.

Sasa biri ina jani la ndani, jani la kufungia, na jani la juu. Jani la juu ndilo vazi lake. Ni jembamba, lina mng'aro, na mkono ukitetemeka linachanika. Ukichana mengi unaondolewa mezani, unapelekwa kuchomoa uti wa majani kwa nusu ya mshahara. Mimi nilichana mengi. Nikaenda kwa mjomba wangu aliyekuwa akilima tumbaku zamani, akanipa furushi la majani mazuri aliyoyatunza sandukuni. Kila asubuhi nikawa naficha machache ndani ya nguo, nafidia yale niliyochana.

Kuna msomaji aliyeniletea ujumbe kwamba mwanamke mwenye akili angeacha kazi mapema. Akili ninayo, dada yangu. Kazi nyingine ndiyo sikuwa nayo.

Basi tuendelee.

Msimamizi tunamwita Pua, ila si mbele yake. Jani lililolala vibaya ghalani analijua kwa kunusa tu. Siku hiyo hakunusa. Aliinua ile biri kwenye mwanga wa dirisha akasema, "Njooni wote. Acheni kila kitu kama kilivyo."

Tukajikusanya kwenye meza yake. Wengine walikuja na majani mkononi.

"Nani ananiambia anaona nini hapa?"

Mama anayepanga biri kwa rangi, tunayemwita Miwani, akasogea mbele. "Naona tundu."

"Kubwa kiasi gani?"

"La sindano."

Mtu wa nje angetushangaa, watu wazima kunyamazishwa na tundu la sindano. Lakini sisi tulilijua. Miwani alivua miwani yake akaifuta.

Pua akaipasua biri kwa urefu, juu ya karatasi nyeupe. Likamwagika vumbi laini la kahawia. Ndani ya vumbi mlikuwa na mdudu, hafikii hata kichwa cha kiberiti. Pua akamgusa kwa ncha ya kisu. Mdudu akakunja miguu akatulia tuli.

"Amekufa," mtu akasema nyuma yangu.

"Hajafa. Huyu ukimgusa anajifanya maiti. Subirini."

Tukasubiri. Kiwanda kizima kimesimama kinamsubiri mdudu. Mara ukatoka mguu mmoja, ukatoka mwingine, akaanza kutembea kwenye karatasi kana kwamba hakuna lililotokea. Pua akamsaga kwa ukucha.



"Majani yetu yote hulala kwenye friza kabla ya kufika mezani kwenu," Pua akasema. "Mdudu hafiki hapa akiwa hai, wala yai lake. Kwa hiyo huyu ameletwa. Kuna mtu anaingiza tumbaku ya nje humu ndani, na hakuanza jana. Nimefungua makasha kwenye chumba cha kupumzishia biri. Yenye matundu ni biri za kofia ya kusokotwa peke yake. Leo ni hizo. Nikichelewa, ni chumba kizima, na tutafunga milango wote tukalale."

Nilijua kabla hajamaliza kwamba macho yote yatageukia upande wangu. Yakageuka.

Kofia ni kile kichwa cha biri, upande wa mdomoni. Wasokotaji wengine wote hukata kiduara cha jani wakakibandika kwa gundi. Wifi yangu hakati. Yeye huacha ncha ndefu kwenye jani la juu lenyewe, akaizungusha kichwani, akaisokota na kuichomeka ndani, isionekane ilipoanzia wala ilipoishia. Alijifunza hivyo tangu usichana wake. Nilipoolewa na mdogo wake, akaniombea meza kando ya meza yake, akanifundisha. Mpaka leo pale kazini wananiita Bi Harusi. Nilimwiga kila kitu, hata kukohoa kabla ya kukata jani.

Biri zikishapangwa kwa rangi huchanganywa, na hakuna anayejua ipi ilitoka meza ipi. Ila hizo za kofia ya kusokotwa ni lazima ziwe za wifi au zangu.

"Aliyeingiza mdudu mnajua anavyofanywa," Pua akasema. "Hapa anatoka, na hakuna kiwanda kitakachompa meza tena. Habari hizi hutembea." Akamwonyesha wifi mlango. "Wewe kakae getini na mlinzi. Bi Harusi, wewe baki. Baada ya chakula nitawaita wote wawili. Na mlinzi aambiwe, mzigo wowote unaoingia au kutoka unafunguliwa hapa mezani kwangu."

Wifi akainama kuchukua mtandio wake kwenye kiti. Uso wake ukawa karibu na wangu.

"Wifi, ni wewe?"

"Siyo mimi."

"Haya. Nimeuliza, sitauliza tena."

Akatoka. Kile kiwanda kilikuwa maisha yake yote. Wazazi wao walipofariki alimlea mume wangu kwa zile biri, akamsomesha kwa hizo hizo, hata harusi yetu ilitoka kwenye vidole vyake. Na mimi nimemjibu kwa maneno mawili, nikiwa nimemtazama machoni.

Pua akamwaga droo yangu yote mezani. Hakukuwa na kitu, maana siku hiyo kwa bahati sikuwa nimebeba jani. Asubuhi nilichelewa, nikaogopa, nikaliacha furushi lote nyumbani juu ya kabati. Akakung'uta aproni yangu. Kisha akasema, "Lete mikono."

Akaninusa vidole, kimoja kimoja.

"Mbona unatetemeka?"

"Sijazoea kunuswa, bosi."

Hakucheka. Akavuta kiti akakaa mbele yangu. "Sokota moja nione."

Jamani, nimesokota biri mbele ya watu wengi, lakini sijawahi kuisokota nikiwa nasikia mapigo ya moyo wangu masikioni. Nikachukua majani ya ndani, nikayakunja moja moja kama mtu anayekunja shuka, si kuyarundika, maana ukirundika hewa haipiti na mvutaji atanyonya mpaka mashavu yaingie ndani. Nikayabana kiganjani. Palipokuwa pagumu nikapunguza, palipokuwa na shimo nikaongeza kipande. Nikayafungia kwa jani la kufungia, nikayasukuma mezani kwa kiganja, nikayalaza kwenye kalibu, ule mfereji wa mbao unaoipa biri umbo.

"Si lazima ikabanwe kwenye shinikizo," Pua akasema. "Ivishe."

Hapo ndipo nilipopaogopa. Nikalitandaza jani la juu kwenye ubao, mishipa ikielekea chini. Nikashika kisu chetu kile kisicho na mpini, bapa la chuma lenye makali ya duara, nikalikata jani kwa mkato mmoja mrefu. Nilikohoa kwanza kabla ya kukata, kama wifi. Nikaanza kuvisha kutoka mguuni, upande unaowashwa, nikilivuta jani kwa kiganja cha kushoto, kila mzunguko ukipanda kidogo juu ya uliotangulia.

Mikono haikutetemeka. Miezi yote ile nimeiomba itulie ikakataa, na siku ya kudanganya ikatulia kama ya daktari. Nilijiogopa mwenyewe. Nikaizungusha ile ncha kichwani, nikaisokota, nikaichomeka, nikampa.

Pua akaiminya kidogo kuanzia mguuni hadi kichwani. Akatoa mfukoni biri nyingine iliyotoboka, akaziweka kando kwa kando.

"Mkono mzuri," akasema. "Umefanana na wa wifi yako, siwezi kuwatenganisha. Na mimi lazima niwatenganishe leo."

"Na usipoweza, bosi?"

"Nitawatoa wote wawili."

Kengele ya chakula ikalia.

Wazo langu lilikuwa moja tu. Lile furushi. Pua akituma mtu nyumbani kwangu, akalikuta juu ya kabati, habari yangu imeisha. Nilipaswa kulichoma moto kabla ya kuitwa. Nikavua aproni, nikajitia gauni langu la mikono mirefu ambalo huja nalo kazini, nikatoka.

Sikupita getini. Wifi alikuwa amekaa pale, na sikuwa na uso wa kumtazama. Nikapitia mlango wa ghala, nikakata vichochoro. Kumbukeni hilo. Ningepita getini siku ile, mngekuwa mnasoma hadithi nyingine.

Nyumbani nikamkuta mume wangu amekaa kitini, mguu ameupandisha juu ya stuli, fimbo ameilaza mapajani. Jasho linamtoka na anatabasamu peke yake. Sikumsalimu. Nikaingia chumbani, nikapanda kwenye ukingo wa kitanda, nikapapasa juu ya kabati.

Hakuna kitu. Nikapapasa mpaka ukutani. Mkono wa gauni ukazoa vumbi, vumbi laini la kahawia, hata nikapiga chafya. Furushi halipo.

"Unatafuta nini?" akaniuliza kutoka sebuleni.

"Kulikuwa na kitu hapa. Kwenye foronya."

"Mzigo wa kazini?"

Nikatoka chumbani polepole. "Uko wapi?"

"Kaa kwanza nikusimulie." Alikuwa na furaha ya mtoto. "Leo nimetembea, mke wangu. Mwenyewe. Bila kushikwa. Nilisimama chumbani najaribu mguu, nikasikia harufu ya tumbaku, nikaangalia juu nikaona ile foronya. Nikasema, masikini, kwa kuchelewa asubuhi amesahau majani yake, na huko wakimkosesha kazi itakuwaje. Nikachukua fimbo. Nimepitia ile njia ya tambarare, ya mbali. Nimepumzika njiani sijui mara ngapi. Lakini nimefika mpaka getini."



"Umempa nani?"

"Si nimemkuta dada yangu amekaa pale na mlinzi? Nikampa yeye. Amenikumbatia akalia, jinsi alivyofurahi kuniona nasimama." Akanitazama vizuri. "Mbona hivyo? Nimekosea?"

Ningemwambia nini? Mtu ametembea kwa mara ya kwanza tangu mvua za mwanzo, ametembea kwa ajili yangu.

"Hujakosea," nikasema. "Umefanya vizuri sana."

Nikatoka mbio.

Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nitafika getini, nitamvuta wifi pembeni, nitamwambia, wifi, ni mimi, nisamehe, nipe hilo furushi nikalitupe. Kisha nikabadilisha. Hapana, nitakwenda moja kwa moja kwa Pua, nitasema mbele ya watu wote, wifi hana kosa. Nilisema kwa sauti, hata mwanamke aliyekuwa akianika nguo akanigeukia. Wallahi nilikusudia. Nilikusudia kwa moyo wote mpaka kwenye kona ya mwisho.

Getini kiti cha wifi kilikuwa kitupu.

"Wameshamwita ndani," mlinzi akaniambia. "Yeye na mzigo wake. Si tumeambiwa kila mzigo ufunguliwe? Na wewe unatafutwa."

Nilikuta watu wote wamesimama kuizunguka meza ya Pua, wamevaa aproni zao za kazini, mikono wazi mpaka mabegani. Karatasi nyeupe imetandazwa upya. Juu yake iko foronya, imefunguliwa, na majani ya mjomba yamekauka pembeni, yana matundu mpaka unaona mwanga upande wa pili. Wadudu wawili watatu Pua alikuwa ameshawafunika kwa glasi.

Wifi amesimama mbele ya meza. Mikono ameifunga kifuani.

Ile foronya ilikuwa na ua la uzi mwekundu kwenye kona. Alilidarizi wifi mwenyewe, akatuletea siku ya harusi, jozi. Nyingine nalalia mimi. Hakuna mtu duniani aliyeijua foronya ile kuliko yeye na mimi.

Pua akaniangalia. "Bi Harusi. Unaujua mzigo huu?"

Sasa hapa, wasomaji wangu, nataka mnisikilize vizuri, maana wiki zote hizi nimewaambia mabaya niliyotendewa na ngazi, na mguu, na mikono yangu. Hili sikutendewa. Maneno niliyapanga njia nzima. Nikafungua mdomo kuyatoa. Nikaiona ile droo yangu tupu, nikamwona mume wangu na fimbo yake, nikaona meza zote za viwanda vyote zimefungwa kwangu.

"Siujui," nikasema.

Wifi hakushtuka. Alinitazama kitambo, wala si kwa hasira, na afadhali angenitukana. Kisha akanyoosha mkono, akaikunja ile kona ya foronya, ua jekundu likaingia ndani, lisionekane.

"Usimsumbue huyo, bosi," akasema. "Mzigo ni wangu. Niliupokea mimi getini, mlinzi ameona."

"Umeletewa na nani?"

"Na ndugu yangu. Nilimtuma."

"Na majani yaliyokuwa yakiingia humu ndani?"

"Ni mimi."

Miwani akasema taratibu, "Mama wee." Wengine wakaangalia chini. Nikaona kwamba hata Pua hakuwa anaipenda kazi yake siku ile.

"Lete kisu chako," akasema.

Kwetu hakuna barua ya kufukuzwa. Unarudisha kisu. Wifi akaenda mezani kwake, akakichukua, akakifuta kwa aproni kama anavyokifuta kila jioni. Kisu kile kilikuwa kimeliwa na kinoo mpaka kikabaki nusu ya ukubwa wake. Akarudi nacho, akasimama kando yangu, bega kwa bega. Akaninong'oneza bila kunigeukia.

"Mtazame mdogo wangu. Asiache kutembea."

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Nikanyoosha mkono nimshike, nizuie kile kisu kisifike mezani. Mkono wangu ukapita juu ya ile karatasi nyeupe, ukiwa unatetemeka tena, kama zamani.

Kitu kikadondoka.

Kilikuwa kidogo sana. Kama kingeanguka sakafuni hakuna ambaye angejua. Kilianguka katikati ya karatasi, mbali na majani, mbali na glasi, kikabaki pale, cha mviringo, cha kahawia, kimetulia tuli.

"Punje ya vumbi hiyo," mtu akasema.

Pua aliinua kiganja, ishara ya kutaka kila mtu abaki alipo. Kisu cha wifi kikabaki hewani. Tukasubiri kama tulivyosubiri asubuhi, ila sasa nilikuwa nikiomba. Nilimwomba Mungu kiwe vumbi.

Ukatoka mguu mmoja. Ukatoka mwingine.

Mdudu akaanza kutembea, na Pua hakumsaga. Aliinua macho akawatazama wasokotaji, mmoja baada ya mwingine, mikono yao wazi mpaka mabegani. Akamtazama wifi, naye mikono wazi. Kisha akafika kwangu, kwenye gauni langu la mikono mirefu, na lile vumbi la kahawia lililoshika kwenye kiwiko.

"Kunja mkono wa gauni lako, Bi Harusi," akasema. "Polepole. Juu ya karatasi."